Kibao cha Kwa Jaffer

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili. Hapana, nimeanza kwa kukosea. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwaka wa uchaguzi hakuna kamati inayokaa chini kuzungumza habari za mitaro. Kila mtu yuko juu ya gari la kampeni, fulana mpya ikimbana kwapani. Basi ni mwaka uliofuata, wa ishirini na tatu, karibu na mwisho wake, majira ambayo mvua ilikuwa haingoji tena saa tisa alasiri kama ilivyo desturi ya Kisii. Ilianza saa saba, na wauza mitumba wa Daraja Mbili wakawa wanafunika nguo kwa turubai kabla hawajamaliza kuzitandaza. Mwaka huo ndio kamati ya mji ilibandika tangazo kwamba kila kichochoro kitapewa nguzo ya chuma na kibao cha jina.

Mzee Jaffer alisomewa tangazo hilo na mkewe Batuli, kwa sababu miwani yake mwenyewe alikuwa ameikalia wiki iliyopita. Aliketi juu ya kigogo chake ndani ya karakana, nyundo mkononi, bati limelala magotini.

"Soma tena hapo pa jina," akasema.

"Nimesoma mara mbili, Baba Fardosa."

"Soma ya tatu. Hulipii."

Batuli akasoma. Kibao kitaandikwa jina lile ambalo watu wamezoea kukiita kichochoro, mradi mwenye jina hilo awe ametunza mbele ya ploti yake: mtaro uwe wazi, ua uwe umekatwa, takataka zisiwepo, na asiwe amekula ardhi ya barabara. Upana wa kichochoro ni futi ishirini. Wakazi wote wenye maoni au malalamiko wafike mkutanoni Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbi wa kijamii.

Jaffer akatazama ng'ambo, kwenye geti la buluu la jirani, na roho yake ikasokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa maji.

Ili uelewe huko kusokotwa ni lazima nikurudishe nyuma kidogo. Jaffer alikuwa fundi wa mabati. Alitengeneza majiko, karai na makopo ya kumwagilia, lakini kilichomlisha hasa ni gata, ile mifereji ya bati inayokinga maji ya paa. Mji unaonyeshewa kila siku ni mji mwema kwa mtu wa gata. Alizaliwa hapo hapo mjini. Babu yake alikuja kutoka kaskazini na jeshi la mkoloni, akaoa, akabaki; mama yake alikuwa Mgusii wa Mosocho. Kwa hiyo Jaffer alibembelezwa kwa Kiswahili na kuchekwa na wajomba kwa Ekegusii, na vyote akavielewa. Hakusoma sana, lakini alijua kukata bati kwa macho bila kuchora mstari, na likakaa.

Alipofungua karakana mdomoni mwa kichochoro, mwaka wa themanini na tisa, palikuwa na migomba ya mzee Onyiego ng'ambo na ua wake wa kayaba, ule mmea wa miiba, basi. Makanga wa magari ya Mosocho hawakuwa na la kupaita. Wakaanza kuuliza abiria, "Kuna mtu kwa Jaffer?" Mwanzo lilikuwa neno la kuelekezana tu. Likaenda, likaingia midomoni mwa wauza ndizi, na wapeleka maziwa, hata mialiko ya harusi ikaandikwa "nyuma ya Kwa Jaffer." Watu waliohamia majuzi walidhani Jaffer ni mtu aliyekufa zamani, kama wale wa kwenye majina ya shule.

Na yeye alipenda. Haya ni maneno ya kweli, hakuna haja ya kuyaficha: alipenda mno. Hakupata shamba kubwa, hakupata mtoto wa kiume, hakuwahi kuwa hata mweka hazina wa msikiti. Lakini mara ishirini kwa siku alisikia mtu asiyemjua akilitaja jina lake barabarani, na kila mara nyundo yake ilikawia hewani kidogo, halafu ndipo ikashuka. Batuli alikuwa akimwambia kutoka jikoni, "Piga, Baba Fardosa! Wewe umeshaitwa, bati bado halijaitika."

Miaka sita kabla ya tangazo lile, mzee Onyiego aliuza ploti yake akahamia Nyansiongo kufuga ng'ombe wa maziwa. Aliyenunua ni Opondo, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mpole, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa mjini. Alikuja na mkewe Zilpa, na siku ya pili tu alivuka kichochoro, akasimama mlangoni mwa karakana akiwa amevua kofia.

"Mzee, nimeambiwa mtu wa gata ni wewe."

"Umeambiwa kweli."

"Basi nataka za kuzunguka nyumba nzima. Usinipunguzie kazi."

Jaffer hakumpunguzia. Ninasikia watu wakisema kwamba gata za Opondo ndizo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Viungo vyake huoni, unavihisi kwa kidole. Alizifunga mwenyewe, akapanda ngazi kwa miguu yake yenye yabisi, na aliposhuka Zilpa alimpa chai ya maziwa na samaki mkavu wa kupeleka nyumbani. Wakati huo hakuwa na kinyongo. Baadaye alipokuwa akizitazama gata zile kutoka ng'ambo, zikibeba maji yote ya paa bila kudondosha tone moja mbele ya geti la jirani, alitamani angekuwa ameacha kiungo kimoja wazi. Alitubu kwa Mungu juu ya wazo hilo, na kesho yake akaliwaza tena.

Maana Opondo hakutulia. Alipaka geti buluu, buluu ya kukuumiza macho. Zilpa akakata matairi mabovu yakawa kama vikapu, akayapaka nyeupe, akapanda maua ndani yake, mekundu na manjano, na jioni alikuwa akiyafuta vumbi majani kama mtu anayefuta watoto pua. Ua wa kayaba uliokuwa umeota ovyo upande wao ukakatwa ukawa na pembe kama sanduku. Kisha zikaja kabro, vile vijiwe vya kupangwa, wakavitandika kuanzia getini hadi mtaroni. Wapita njia walianza kusimama hapo kupiga picha. Bibi harusi mmoja alishuka garini, akapigwa picha mbele ya geti, akapanda akaenda zake. Huko karakana kwa Jaffer kulikuwa na vipande vya bati, makopo ya rangi yaliyokauka, na mbuzi wa mtu.

Siku aliyosikia kwa mara ya kwanza kichochoro kikiitwa jina lingine hatakaa aisahau. Alikuwa na mteja kutoka Nyansiongo, mama aliyetaka gata za zizi, na alimwelekeza kwa simu: panda boda boda, sema Kwa Jaffer. Simu ikalia.

"Fundi, nimefika. Niko hapa kwa Opondo."

"Kwa nani?"

"Kwa Opondo. Mwenye boda amesema wewe uko karibu na hapo."

"Mama, hakuna mahali panaitwa hivyo."

"Lakini fundi, si nimesimama hapo?"

"Basi umepotea," Jaffer akasema, na alipoinua macho akamwona mama mwenyewe, hatua kumi tu, simu sikioni, akimtazama kwa mshangao. Kando yake alikuwa Brandon, kijana wa boda boda, amekaa juu ya pikipiki akicheka.

"Buda, mbona unakana mtaa?" Brandon akasema. "Siku hizi ni kwa Opondo. Geti inaonekana toka juu kabisa. Wewe hapo umejificha kama mafuta taa siku za uhaba."

Mama yule aliagiza gata zake, lakini Jaffer alipima vibaya mara mbili, yeye ambaye hakuwa akipima vibaya.

Tangu hapo masikio yake hayakupata raha. Aliacha kusikia redio. Alichukua kipande cha bati, akakigawa kwa mstari, na kila alipoitwa "Kwa Jaffer" alikwaruza kwa msumari upande wa kulia. Alipoitwa mwingine, kushoto. Wiki ya kwanza kulia kulizidi kidogo. Wiki ya tatu, siku ya soko, kushoto kulijaa mpaka ukingoni. Akakigeuza kile kipande akakifanya kifuniko cha jiko.

"Una nini na mtu wa watu?" Batuli akamwuliza. "Amekuibia nini?"

"Hajaniibia."

"Amekutukana?"

"Hata. Angenitukana ningefurahi."

Ndivyo hali ilivyokuwa wakati tangazo lilipobandikwa. Jaffer aliamka kesho yake akaanza kusafisha. Alitoa chuma chakavu mikokoteni miwili. Alizibua mtaro wake mpaka saruji ya chini ikaonekana, kitu ambacho watoto wa mtaa hawakuwa wamekiona tangu wazaliwe. Alipaka ukuta chokaa. Batuli akampandia maua kwenye kopo moja la maziwa, kwa kumcheka, lakini akayamwagilia. Jioni Jaffer alisimama katikati ya kichochoro, akageuza shingo huku, akageuza huko. Ilikuwa safi. Lakini ng'ambo kulikuwa kuzuri, na safi na zuri si mamoja, hata mtu mwenye wivu analiona hilo. Yeye ndiye analiona kuliko wote.

Ndipo lile neno la futi ishirini likamrudia.

Asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, kukiwa na mwanga wa kutosha kusoma namba, alitoka na tepu ya kupimia. Alishikiza ncha moja kwenye nguzo ya karakana yake, akaivuta mpaka ukingo wa kabro za Opondo. Futi kumi na saba. Akapima tena akiwa amepiga goti. Kumi na saba. Moyo ulimruka kwa furaha ambayo hakuwa ameipata tangu Fardosa aolewe. Opondo alikuwa amekula futi tatu za barabara!

Aliporudi ndani Batuli alikuwa anakanda unga.

"Mbona unatabasamu na hujanywa chai?"

Akamweleza.

"Umepima kutoka wapi?" Batuli akauliza.

"Kutoka kwetu."

"Na kwetu nani alipapima?"

"Sisi tulikuwa hapa kwanza, Mama Fardosa. Kitu cha kwanza hakipimwi. Kinapimiwa."

Batuli akatazama unga wake. "Haya," akasema, na hiyo "haya" yake ilikuwa ndefu.

Jumanne ukumbi ulijaa. Kamati ilikaa mbele nyuma ya meza moja: mwenyekiti Momanyi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha darasa, na karani Emmah na daftari lake, na Onsongo wa upimaji, ambaye alikuwa hasemi mpaka aulizwe. Walianza na maua na mitaro, na ukimsikia mtu anasema mkutano wa usafi hauna utamu, jua hakuhudhuria. Angwenyi, mwenye nyumba ya chini kabisa, alisimama akalalamika kwamba mwavokado wa jirani unamwangushia matunda juu ya bati mchana kutwa, na moyo wake ni mgonjwa.

"Zikianguka kwako unazirudisha?" Momanyi akamwuliza.

"Nazila, mwenyekiti. Lakini nazila na hasira."

Ukumbi ukacheka mpaka Emmah akagonga meza. Ikaamuliwa tawi likatwe. Ikaja hoja ya mbuzi, ikaja hoja ya mama anayemwaga maji ya kuoshea samaki njiani. Opondo alikaa safu mbili mbele ya Jaffer na koti jeupe la kazini, maana alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu, na jinsi shingo yake ilivyokuwa imetulia ilimkera Jaffer kuliko neno lolote.

"Sasa majina," akasema Momanyi. "Kichochoro cha karakana ya mabati. Tumepata majina mawili. Wa boda boda, nyinyi mnapaita vipi?"

Brandon akasimama nyuma. "Inategemea, mwenyekiti. Wazee tunawaambia Kwa Jaffer. Wasee waliohamia juzi, Kwa Opondo."

"Na wengi ni wepi?"

Brandon akamwangalia Jaffer, akakuna kichwa. "Mimi sihesabu, mwenyekiti."

Jaffer, ambaye alikuwa amehesabu, akainuka kabla hajaitwa.

"Mwenyekiti, mimi nina malalamiko. Tangazo limesema asiyestahili ni yule aliyekula barabara. Kabro za jirani yangu zimeingia barabarani futi tatu. Nimepima mwenyewe."

Zilpa, aliyekuwa upande wa kina mama, aliziba mdomo kwa leso. Opondo aligeuka polepole, akamtazama Jaffer, na katika macho yake hamkuwa na hasira.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "una hakika unataka tepu ije pale?"

Anaogopa, Jaffer akawaza, na mwili mzima ukamjaa utamu. "Nina hakika. Ije hata kesho."

"Mimi niko tayari kupimwa," Opondo akaiambia kamati, akaketi.

"Onsongo atakuja kesho saa tatu, kabla ya mvua," akasema Momanyi. "Omogaka Jaffer, mzee wetu, uwe hapo."

Omogaka Jaffer alikuwa hapo tangu saa moja, amevaa kanzu na koti. Mtaa mzima ulikuwa hapo, hata Angwenyi na moyo wake mgonjwa. Momanyi alifika na mwavuli, Emmah na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, na Onsongo na ramani, jembe na tepu ndefu ya kitambaa. Brandon alipewa kushika ncha.

Onsongo hakuanza kwa Jaffer wala kwa kabro. Aliinama karibu na geti la buluu, akasogeza tairi moja la maua, na hapo, limezungushiwa vijiwe vidogo kama kaburi la paka, likaonekana jiwe la saruji lenye chuma katikati. "Bikoni," akasema, yaani jiwe la mpaka. Lilikuwa ni neno lake la kwanza siku hiyo. Kabro za Opondo ziliishia kabla ya jiwe, kwa upana wa kidole.

"Hizi ziko ndani," Onsongo akasema.

"Haiwezekani," akasema Jaffer. "Nimepima. Kumi na saba!"

Onsongo alimpa Brandon ncha aiweke juu ya jiwe, naye akaivuta tepu kuvuka kichochoro, futi kumi, kumi na tano, kumi na saba, akafika kwenye nguzo ya karakana, na hakusimama. Akaingia ndani. Aliipita nguzo, akaupita mkasi mkubwa wa bati uliofungwa kwenye meza, akaja mpaka kwenye kigogo alichokuwa akikalia Jaffer kila siku, akagonga kwa kidole cha mguu.

"Liko chini ya hiki."

Wanaume wawili wakakiviringisha kando. Palichimbwa kidogo tu, chini ya miaka ya vumbi la kutu na vipande vya bati, jembe likagonga. Likatoka jiwe la pili, pacha wa lile la kwanza, na chuma chake katikati.

"Yesu!" akapiga kelele mama mmoja wa ndizi. "Mzee amekuwa akiatamia mpaka kama kuku!"

"Limeangua?" akauliza Angwenyi.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Jaffer alisimama akilitazama lile jiwe. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amelikalia, na karakana yake yote ya mbele, futi tatu kamili, ilikuwa imesimama barabarani. Hakuwa amejua. Mwaka ule wa themanini na tisa alichimba nguzo pale ambapo kivuli cha migomba kilianguka vizuri, basi.

Momanyi alikohoa kwanza, kwa heshima. "Omogaka, sheria ni ile uliyoitaja wewe jana. Karakana itarudi nyuma. Na jina..." Hakumaliza.

"Mwenyekiti," akasema Opondo, "naomba kusema. Hili si jipya. Niliponunua ploti nilileta mpimaji wangu, akanionyesha mawe yote mawili. Nimejua tangu wakati huo."

"Umejua miaka sita?" Emmah akauliza, kalamu juu. "Na hukulalamika?"

"Ningelalamika nini? Mzee nilimkuta. Magari yanapita. Na gata zangu alinifungia kama anafunga zake." Akageuka kwa Jaffer. "Ndiyo maana jana nilikuuliza, Mzee. Sikutaka uaibike mbele za watu."

Jaffer akalisukumia lile jiwe vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Na habari ya jina," Opondo akaendelea, "andikeni Kwa Jaffer. Akirudisha karakana nyuma atakuwa ametimiza. Mimi anayenitafuta ananipata dukani, sina shida ya kibao."

Mama wa ndizi akapiga kigelegele. Watu wakapiga makofi, mmoja akampiga Opondo mgongoni, na Momanyi, uso wake umefunguka kwa kuepushwa na maamuzi magumu, akasema, "Karani, andika hivyo. Andika na kwamba ni kwa moyo mwema wa jirani." Emmah akaandika. Batuli alikuwa mlangoni na kanga kichwani. Yeye hakupiga makofi, alimtazama mumewe tu.

Mtu angedhani wivu ungekufa pale. Haukufa. Uliota miguu mipya. Zamani Jaffer alimwonea Opondo wivu wa geti na maua na kabro, vitu ambavyo mtu mwenye bidii angeweza kuvipata. Sasa alimwonea wivu wa kule kunyamaza kwa miaka sita. Alijiuliza: mimi ningekuwa yeye, ningenyamaza hata siku sita? Alijua jibu, kwa sababu alikuwa amenyamaza siku moja tu, kutoka alfajiri ya tepu hadi Jumanne ya mkutano, na hiyo siku moja ilikuwa imemwia ndefu.

Alirudisha karakana nyuma kwa muda wa wiki. Opondo alitaka kuja kusaidia kung'oa nguzo, Jaffer akamwambia mafundi wametosha, ilhali hakuwa na fundi hata mmoja. Karakana ikawa nyembamba. Akikata bati refu, nusu ya bati lilibaki nje kunyeshewa.

Kisha nguzo ya kibao ikaja. Waliisimika asubuhi, bati jeusi kwa herufi nyeupe: KWA JAFFER. Majirani walipita wakimpa mkono. Mialiko sasa itaandikwa hivyo, na kwenye ramani za simu, Brandon akamhakikishia, jina lingeingia na hata mtu wa Ulaya angeliona. Boda boda zote, kwa adabu au kwa amri ya Momanyi, zilianza tena kuita Kwa Jaffer. Waliita mara thelathini, arobaini kwa siku. Nyundo ya Jaffer haikukawia tena hewani. Ilishuka moja kwa moja.

"Si ndilo ulilokuwa unalitaka?" Batuli akamwuliza.

"Nilitaka linipate lenyewe. Hili nimepewa."

"Haya basi, lirudishe."

"Sirudishi!"

Akaanza kuzunguka na swali moja jipya. Alimwendea Momanyi nyumbani, mwenyekiti akacheka akasema, "Omogaka, si umeshapata? Kunywa chai." Akamwendea Emmah ofisini, naye akatazama dirishani akasema mvua hiyo inakuja, afadhali mzee awahi. Onsongo hakusema, kama kawaida yake. Brandon alimsikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akapiga pikipiki teke, akasema ana mteja. Hata Batuli, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu aolewe, alisimama akaenda kutazama kama maharagwe yameiva, na yalikuwa bado hayajawekwa motoni.

Mwisho alimwuliza Opondo mwenyewe. Alimkuta juu ya ngazi akitoa majani ndani ya gata, saa nane mchana, wingu limeshuka mpaka kwenye vilima. Jaffer akasimama kwenye zile kabro kwa mara ya kwanza, akainua uso, akauliza. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga mabati. Opondo alimtazama, akageuka akaendelea kutoa majani, na Jaffer hakujua kama amesikia au mvua ndiyo ilimzuia kusikia. Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, kama alivyowauliza wengine wote:

"Kama wewe ungenyamaza siku ile ya kupimwa, wangeandika jina la nani?"